Orkestra ndani ya begi: safari ya Rey Sapienz kutoka Bunia mpaka Kampala

Mwaka wa 2021, ule mwaka ambao Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya état de siège, albamu moja ilitoka Kampala na kusikilizwa mpaka Ulaya. Jina lake ni Na Zala Zala. Mwenye kuongoza ile kazi anaitwa Rey Sapienz, mtoto wa Bunia, pamoja na kikundi chake The Congo Techno Ensemble. Ndani yake mnasikika ngoma za mikono, sauti za kuimba na kupiga kelele za furaha sawa tunavyozoea, na chini yake mashine za kompyuta zinagonga kwa nguvu.

Wanaofuata muziki wa kompyuta huko Ulaya wanamjua. Hapa kwetu, ukiuliza vijana kwenye Boulevard de Libération, wengi watakutajia Fally Ipupa, Ferre Gola ao Innoss'B wa Goma kabla ya kufika kwa jina lake. Si kosa lao. Muziki wake haukupitia Kinshasa, haukupitia televisheni zetu, na haukutengenezewa Bunia. Ulitengenezewa ng'ambo ya mpaka.

Swali ni hili: kwa nini mtoto wa hapa alihitaji kuvuka mpaka ndipo sauti yake ipate nyumba? Na kwa nini kifaa alichokichagua ni kompyuta? Tukijibu maswali hayo mawili, tutakuwa tumesema mengi juu ya Bunia yenyewe kuliko juu ya mwanamuziki mmoja.

Kizazi cha vita

Rey Sapienz ni wa kile kizazi kilichokuwa kitoto wakati wa vita ya pili ya Kongo, kati ya 1998 na 2003. Wakaaji wa Bunia hawahitaji kukumbushwa. Vita ya Ituri ilianza kuwaka 1999, na katika mwezi wa tano 2003 mji wetu ulikuwa uwanja wa mapigano, mpaka askari wa Umoja wa Ulaya wakafika mwezi wa sita kwa ile operesheni ya Artémis. Walioona ile siku wakiwa na miaka kumi, leo wamepita thelathini.

Katika ile hali, akiwa na miaka kama kumi, alianza kuimba na kurap. Tuangalie jambo hili kidogo. Kwa nini rap? Kwa sababu rap inaomba kinywa tu. Haiombi gita, haiombi mtu wa batri, haiombi chumba cha mazoezi. Mtoto anaweza kuifanya njiani, shuleni, hata pale familia imekimbilia. Katika mji ambao vyombo vya orkestra viliibwa ao kuunguzwa, kinywa njo chombo ambacho hakuna mtu anaweza kukunyanganya.

Mwaka wa 2012 alienda Kampala kufanya kazi na wanamuziki wa Uganda. Ilikuwa safari ya kazi, ya kwenda na kurudi. Lakini usalama uliharibika kwao, na akaamua kubaki kule. Hadithi hii familia mingi za Ituri zinaijua bila kuwa na mwanamuziki ndani yake. Mtu anaondoka kwa wiki mbili, anakaa miaka kumi. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mpaka Sebagoro, na wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Wengine waliondoka na watoto na godoro tu.

Kampala, na jina lenye maana mbili

Kampala ya ile miaka ilikuwa na kitu ambacho Bunia haikuwa nacho: vijana kutoka kila upande wa eneo hili, wakiwa na umeme wa kutosha na chumba cha kurekodi ambacho mtu asiye na feza anaweza kuingia. Kuko kikundi cha watu waliojiita Nyege Nyege. Walianza na sherehe za usiku mjini, kisha 2015 wakaanzisha festivali kubwa kule Jinja, karibu na mto Nile. Wakaongeza nyumba ya kutoa muziki, Nyege Nyege Tapes. Baadaye likazaliwa tawi lake kwa muziki mkali wa kucheza usiku, likaitwa Hakuna Kulala. Rey Sapienz ni mmoja wa waliolisimamisha.

Si kila mtu alifurahi. Mwaka wa 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kuipiga marufuku ile festivali, halafu serikali ikarudi nyuma. Mwaka wa 2022 bungeni walijaribu tena kuizuia, ikaruhusiwa kwa masharti. Wazazi na wachungaji wa Bunia wengi wangekuwa na maswali sawa na ya Lokodo juu ya sherehe za usiku, na wako na haki ya kuuliza. Lakini mbele ya ile festivali kulikuwa na studio, na studio njo iliyofungulia kijana wa kigeni mlango.

Tuseme neno juu ya jina. Hakuna Kulala, kwa mtu wa Kampala, ni furaha: tunacheza mpaka asubuhi. Kwa mtu wa Djugu, Irumu ao Mambasa, maneno yale yale mawili yanaleta picha ingine: mlango umefungwa, taa imezimwa, kila mtu anasikiliza kama kuko risasi. Ni Kiswahili kimoja. Mpaka tu njo unabadilisha maana.

Rey Sapienz alianza kutoa kazi zake pale. Ni muziki wa mashine, mzito.

Kwa nini kompyuta?

Watu wengi wanafikiri kwamba kijana anayefanya muziki kwa kompyuta ni mvivu, ao anaiga Wazungu. Tufanye hesabu.

Orkestra ya rumba ya kwetu inaomba nini? Gita ya solo, mi-solo na ya kusindikiza. Gita ya besi. Batri. Tumba. Waimbaji wanne ao watano. Atalaku. Wachezaji. TPOK Jazz ya Franco, wakati wake mkubwa, ilikuwa na wanamuziki zaidi ya 20. Watu hao wanahitaji kulipwa, kulishwa, kusafirishwa, na kukutana karibu kila siku mahali pamoja. Ngoma za kijijini nazo ni vile vile, hata kama hazina umeme. Agwara, zile baragumu za Waalur, haziwezi kupigwa na mtu mmoja: kila mpuliza anatoa noti yake, na wimbo unazaliwa pale wote wanapopokezana. Mmoja akikosa, wimbo unakuwa na tundu.

Sasa leta vita. Mpuliza mmoja yuko Kyangwali, wa pili yuko kwenye kambi ya Kigonze hapa Bunia, wa tatu amekufa. Ule wimbo hauko tena, hata kama baragumu zenyewe ziko nzima. Vita inaua watu, tunajua. Inaua pia kila kitu ambacho kinahitaji watu kumi wakae pamoja.

Kompyuta inaingia katika begi. Inavuka ziwa. Inakuruhusu kuwa mpiga besi, mpiga batri na fundi wa sauti wewe peke yako, katika chumba cha kupanga, usiku, bila kusumbua majirani kwa sababu umevaa ekuta. Kwa mtu aliyetawanywa na vita, kompyuta ni orkestra ya mkimbizi.

Hili halikutokea kwa watu wa Ituri tu. Tuangalie jirani zetu wa Gulu, kaskazini ya Uganda, ambao nao waliteswa miaka mingi na vita ya LRA. Wacholi wako na ngoma ya larakaraka, ya harusi na ya vijana kuchumbiana, ambamo watu wengi wanashika vibuyu vilivyokatwa na kuvipiga kwa spoki za baiskeli. Ni kikundi kikubwa. Baada ya vita familia nyingi hazikuwa na uwezo wa kuita kikundi kizima kwa harusi. Leo Palayeng akachukua kompyuta, akatengeneza ile midundo ya vibuyu kwa mashine, na Otim Alpha akaimba juu yake. Harusi zikaendelea. Kazi yao ilikusanywa katika albamu Gulu City Anthems, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka wa 2017. Leo inaitwa sanaa mpya. Mwanzo wake ilikuwa bajeti ndogo ya harusi.

Ngoma inarudi

Hapa njo sehemu ya safari ya Rey Sapienz ambayo inastahili kuangaliwa vizuri. Kawaida tunafikiri mtu anaanza na ngoma, kisha anaenda kwa mashine, na ngoma inasahaulika. Yeye alienda kinyume. Alianza na kinywa, akafika kwa kompyuta, na baadaye njo akazirudisha ngoma za mikono na mwili wa kucheza.

Kampala iko na Wakongomani wengi. Kuko wafanya biashara, wakimbizi, wanafunzi, wachungaji, na pia wanamuziki waliopiga kwa miaka katika mabendi. Katika The Congo Techno Ensemble aliungana na Papalas Palata, mpiga ngoma, na Fresh Dougis, ambaye anaimba na kucheza. Yaani watu waliotawanyika walikutana tena, na walipokutana, muziki wa kupigwa pamoja ukawezekana tena. Albamu Na Zala Zala ni matunda ya yale makutano.

Kuunganisha vitu hivi viwili haiko kazi nyepesi, na inafaa tueleze kwa nini. Mashine ya klabu inahesabu nne: bum, bum, bum, bum, bila kuchoka na bila kukosea. Ngoma zetu mingi zinahesabu sita ao kumi na mbili, mkono mmoja ukigawa kwa mbili na mkono wa pili kwa tatu. Tena mpiga ngoma ni mtu: akiona mchezaji amepata moto, anasukuma mbele kidogo, akiona amechoka, anavuta. Kompyuta haioni mchezaji. Ukiweka hivi viwili pamoja bila akili, kimoja kinaua kingine. Ama ngoma inalazimishwa kutembea sawa na askari, ama mashine inasikika kama imeharibika.

Njia ya kuvipatanisha kwetu Kongo inajulikana zamani, hata kabla ya kompyuta. Ni sebene. Katika sebene gita inazungusha kipande kifupi kile kile, tena na tena, na juu yake atalaku anapandisha watu. Fundi wa kompyuta naye anazungusha kipande kifupi tena na tena. Kwa sikio la mtu aliyekulia na ndombolo, techno haiko kitu kigeni: ni sebene iliyoanza dakika ya kwanza na kukataa kuisha.

«Lakini ni muziki wa Wazungu»

Neno hili tunalisikia mara mingi, hata kwenye simu za wasikilizaji. Tulipime.

Techno ilianza Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana Weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Detroit ilikuwa mji wa viwanda vya magari ambavyo vilikuwa vinafungwa. Ulaya iliipokea baadaye.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka wa 1944, kule Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kunasa sauti kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi wanawake katika sherehe ya zar, ya kutuliza mapepo, halafu akazicheza zile sauti na kuzigeuza studioni. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kufanya kazi yake ya 1948 katika redio ya Paris, ambayo vitabu vingi vinaihesabu kama mwanzo.

Na kwetu? Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa Konono No.1 ya Kinshasa, alitaka likembe yake isikike katika kelele ya jiji. Akachukua sumaku za vipande vya magari ya zamani, akatengeneza mikro zake mwenyewe. Dunia ilimsikia vizuri 2004, katika albamu Congotronics. Na ile maraka ya atalaku, iliyoenea tangu miaka ya 1980, ni kopo la dawa ya kuua mbu. Mkongomani hajawahi kuogopa kuchukua kifaa kilichotengenezwa kwa kazi ingine na kukigeuza chombo cha muziki. Gita ya umeme ya Docteur Nico haikutoka msituni. Leo tunaiita urithi, na ni haki: mwezi wa kumi na mbili 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa ubinadamu. Albamu ya mtoto wa Bunia ilitoka mwaka ule ule. Rumba ilipewa sherehe Kinshasa. Hii ingine ilipita kimya.

Nani anashika faida?

Tusijidanganye kwamba kila kitu ni kizuri. Kampuni zinazotoa muziki huu ziko Kampala, wanunuzi wengi wako Ulaya, na makonseri yanayolipa yako mbali. Mtu mwenye paspoti ya Kongo anajua kupata visa ni vita ingine. Na muziki uliotoka kwetu, ili sisi tuusikie, tunahitaji intaneti ya kulipa kwa mega.

Hili si jipya. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alipita pembeni ya msitu wa Ituri na mashine yake, akarekodi Wabudu, Wambuti, Wanande, Wabira. Muda mfupi baadaye Colin Turnbull alirekodi Wambuti. Kazi hizo ni za maana sana, bila wao tungekuwa tumepoteza mengi. Lakini leo, mjukuu wa yule aliyeimba mbele ya Tracey akitaka kusikia sauti ya babu yake, kanda ziko Afrika Kusini, na diski ilitolewa Uholanzi.

Kongo iko na sheria ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, na iko na SOCODA, shirika la kukusanya zile haki. Kwenye karatasi, wimbo ukipita redioni ao kwenye nganda, mtunzi anapaswa kupata kitu. Ni vizuri kijana wa Bunia anayepakia nyimbo kwenye simu ajue kwamba sheria hiyo iko, na kwamba kazi isiyoandikishwa ni ngumu kuidai.

Bunia inaweza kufanya nini?

Usalama haupatikani kwa makala ya muziki. Umeme vile vile. Lakini kuko mambo matatu ambayo hayangoji amani kamili.

La kwanza: kurekodi sasa. Katika kambi za waliohama makwao, Kigonze na zingine, kuko wazee wa Djugu, wa Irumu, wa Mahagi ambao wanajua nyimbo ambazo hazikuwahi kunaswa. Simu ya kawaida inatosha kuanza. Uliza ruhusa, andika jina la mwimbaji, kijiji chake na tarehe. Bila majina, tutakuwa tunarudia yale ya zamani, safari hii sisi kwa sisi.

La pili: vituo vya redio vya jamii. Kila redio hapa iko na mikro, na fundi, na jenereta. Cairo na Paris wote walianzia redioni. Saa moja kwa wiki, studio ikiwa haina kipindi, vijana wawili wa kompyuta na mzee mmoja wa ngoma wanaweza kukaa chumba kimoja. Na katika mji wetu, vijana na wazee wa makabila tofauti kukaa chumba kimoja kwa saa nzima, wakihesabu mdundo mmoja, haiko jambo dogo.

La tatu: kuwasikiliza walioondoka. Rey Sapienz haiko mtu wa Ulaya wala wa Uganda kwa sababu alirekodia huko. Kazi yake inapatikana kwenye intaneti, kwa kusikiliza na kwa kununua. Kijana mmoja akiipata, anaweza kuipeleka kwa wenzake, kisha wabishane kama inawapendeza ao hapana. Kubishana nako ni kupokea.

Kompyuta iliokoa muziki wa mtu mmoja kwa sababu ilikuwa nyepesi kubeba. Ila haiwezi kubeba kile ambacho hakuna mtu alikiweka ndani yake. Wasikilizaji wetu, kama kwenu kuko ngoma ao wimbo ambao unabaki na watu wawili watatu tu wanaoujua, tutumieni ujumbe wa sauti: jina la wimbo, mahali unapotoka, na nani bado anaweza kuupiga.